Mwamba Unaopimwa kwa Saa

Maji ya bamvua yanapokupwa katika pwani ya Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, uso wa bahari hushuka karibu mita 4 kwa muda wa saa sita na dakika chache. Penye genge, bahari hushuka wima, na mwamba uliokuwa umezama hadi shingoni hubaki wazi hadi kwenye nyayo. Paje na Jambiani, ambako ufuo umelala karibu bapa, bahari hurudi nyuma kilomita nzima au zaidi. Mahali palipopitiwa na ngalawa alfajiri, saa nne asubuhi panapitiwa na wanawake wenye ndoo, watoto na baiskeli.

Saa hiyo haibahatishwi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi kuwa mpevu, wakati jua, dunia na mwezi vimejipanga kwenye mstari mmoja. Kwa kuwa saa zetu hufuata jua, na siku hizo mwezi umefungamana na jua, kila bamvua la pwani hii huja na ratiba ile ile: maji hujaa yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Baada ya hapo ratiba husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku huku nguvu ya maji ikipungua, mpaka wiki ikipita yanakuwa maji mafu, yanayopanda na kushuka pengine mita 1 tu. Kisha nguvu hurudi. Mvuvi wa Kizimkazi anaijua hesabu hii bila kufungua kitabu. Wanyama nitakaowaeleza wanaijua pia, kwa namna zao, na waliitumia kabla hajawapo mtu wa kuihesabu.

Wanyama hao hawana uti wa mgongo: konokono, kaa, chaza, minyoo, pweza, majongoo, na wengine wengi ambao lugha ya kila siku haijawapa majina. Naamini kwamba wingi wao katika ukanda huu mwembamba unatokana kwanza na mgawanyo wa saa. Kila shubiri ya mwamba, toka juu hadi chini, ina hesabu yake ya saa za maji na saa za hewa, na kila hesabu ina wenyewe. Anayeishi chini kabisa hufunuliwa siku chache tu katika kila nusu mwezi, kwa saa moja au mbili, asubuhi au usiku, wala halijui jua la alasiri. Anayeishi juu kabisa huweza kukaa siku kadhaa za maji mafu bila kuguswa na wimbi. Kati ya hao wawili ni mita 4, na ndani ya mita hizo wamepangana wapangaji wengi kuliko katika eka nyingi za shamba.

Nianze juu. Mwamba wenyewe ni kazi ya wanyama. Magenge mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania ni matumbawe ya kale, yaliyojengwa miaka kama 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Jua la mchana huyapasha moto kiasi kwamba mguu mtupu haustahimili. Hapo ndipo wanapokaa konokono wadogo, wengine hawazidi punje ya maharage. Maji yakiondoka, konokono huyu hujivuta ndani ya gamba, huziba mlango kwa kifuniko, kisha hugandisha ukingo wa gamba kwenye jiwe kwa uzi wa ute uliokauka. Mguu wake wote sasa uko ndani, na kinachogusa jiwe la moto ni ukingo wa gamba tu. Hukaa hivyo siku nzima, na ikibidi siku kadhaa, mpaka rasharasha za bamvua zimfikie. Maisha yake ya kula na kutembea yamebanwa katika saa chache zenye unyevu.

Chini yake kidogo kuna konokono wa mviringo, wanene, wengine weusi na wengine wenye mistari, ambao hushindia kwenye nyufa wakiwa wamesongamana. Kusongamana kunawasaidia: unyevu wa mmoja humfaa jirani. Watafiti wa Kiitalia waliofanya kazi pwani ya Somalia katika miaka ya 1970 na 1980 waliona kwamba konokono hawa hufuata njia za ute, zao na za wenzao, wanapokwenda kulisha na wanaporudi mapumzikoni.

Kwenye tabaka hilo hilo huanza vile vigamba vyeupe na vya kijivu, vyenye umbo la koni iliyokatwa kichwa, vinavyochana magoti ya watoto na kuganda kwenye matumbo ya vyombo. Ukivitazama vikavu utadhani ni ndugu wa chaza. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson, daktari wa jeshi aliyekuwa akichunguza bahari ya Ireland, alionyesha kwamba watoto wao huogelea kwa miguu kama watoto wa kamba, kisha hujibandika mahali na kujijengea ukuta. Kwa hiyo ni jamaa wa kaa na kamba walioamua kutotembea. Charles Darwin aliwachunguza kwa miaka minane, kuanzia 1846 hadi 1854, kabla ya kuchapisha kitabu kilichompa umaarufu. Yakijaa maji, mnyama hufungua mlango wa juu, hutoa miguu yenye manyoya na kuchota chembe za chakula. Yakipwa, hufunga. Kila anachokula katika uhai wake hukipata katika saa ambazo maji yapo juu ya kichwa chake, na ndiyo sababu walio juu huwa na lishe haba kuliko walio chini.

Yupo mkazi mmoja wa miamba hii ambaye nadhani hapewi heshima anayostahili. Ni mnyama bapa wa urefu wa kidole, mwenye mabamba manane mgongoni na mkanda wa ngozi yenye miiba mifupi pembeni. Amejikandamiza kwenye jiwe hata ukitumia kisu utapata shida kumng'oa. Hula mwani mwembamba unaoota juu na ndani ya jiwe, na ili aufikie hulazimika kulikwangua jiwe lenyewe. Mwaka 1962 Heinz Lowenstam aligundua kwamba meno ya mnyama huyu yamevikwa magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na kwamba mnyama huyatengeneza mwenyewe mwilini. Kwa meno hayo anakwangua chokaa usiku hadi usiku, kisha hurudi kwenye kijishimo chake kwa kufuata ute aliouacha. Magenge ya pwani yetu yaliyolika chini, yakabaki na mdomo juu, yamechongwa na mawimbi na kuyeyushwa na maji, lakini wanyama wenye meno kama haya nao wana mchango. Wengine huingia ndani kabisa: wapo kombe warefu wanaotoboa jiwe na kuishi humo maisha yao yote.

Tabaka la chaza hutambulika kwa mbali, mkanda mpana wenye kingo kali uliojipanga sawasawa kwenye mwamba. Renison Ruwa wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, aliandika katika miaka ya 1980 kuhusu matabaka ya namna hii kwenye miamba na mikoko ya Kenya. Chaza hujibandika pia kwenye mizizi ya mikoko, na hapo mtu huona kwamba mgawanyo wa saa haujali kama chini yako ni jiwe au mti.

Mikokoni ndiko alikonistaajabisha mnyama mmoja kuliko wote. Katika Mida, karibu na Watamu nchini Kenya, kuna konokono mwembamba ambaye kwa kawaida ncha ya gamba lake imekatika. Wataalamu wanamwita Cerithidea decollata. Maji yakiwa yametoka, hushuka kwenye tope na kulisha. Kabla maji hayajarudi, huanza kupanda shina la mchu na kukaa juu mpaka bahari iondoke tena. Mpaka hapo si ajabu sana. Wanyama wengi hukimbia maji. Ajabu ni kwamba huanza kupanda kabla maji hayajamgusa, na hupanda juu zaidi siku za bamvua kuliko siku za maji mafu. Ni kama amekwisha kujua maji ya leo yatafika wapi.

Marco Vannini na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florence walimfuatilia konokono huyu hapo Mida, na mwaka 2008 wakachapisha makala iliyouliza waziwazi kama anaweza kuona yatakayokuja. Jibu linaloelekea kukubalika ni kwamba ndani ya mwili wake kuna saa, yenye kufuata kupwa na kujaa pamoja na mzunguko wa nusu mwezi. Mtu akumbuke kwamba huyu ni mnyama asiye na ubongo wa kutajika. Hana kalenda, hana mwalimu, na haoni mwezi ukipita juu ya majani. Hata hivyo anapima saa na anapima kimo, na makosa yake ni machache, maana akichelewa wapo samaki na kaa wanaoingia na maji.

Kusini ya hapo, katika ghuba ya Gazi, kundi hilo hilo la watafiti lilimwangalia kaa mdogo anayeishi chini ya mizizi ya mikoko na kupanda hadi kwenye majani ya juu mara mbili kwa siku, kula majani mabichi. Kaa wengine wa hapo huvuta majani yaliyoanguka hadi mashimoni, na tondo wakubwa, wale konokono warefu wenye gamba zito, hukusanyika juu ya jani lililodondoka na kulila pamoja. Watoto wa tondo hawali majani, hula tope. Mzazi na mtoto hawagombanii sahani moja. Wanyama hawa wasingekuwapo, majani mengi yangechukuliwa na maji yanayotoka. Wao huyazuia na kuyarudisha ardhini, na mashimo ya kaa huingiza hewa kwenye tope ambalo bila hayo lingekosa hewa hata kwa mizizi. Nasema hivi kwa sababu miradi ya kupanda mikoko huhesabu miche tu. Msitu wa mikoko usio na kaa ni shamba la miti lenye njaa.

 

Tutoke matopeni, twende kwenye mchanga. Hapa mtu hupita akidhani hakuna kitu, na hapa ndipo pana wengi zaidi, ila wamo chini. Vile vidonge vidogo vya mchanga vilivyotapakaa kuzunguka vishimo ni kazi ya kaa wadogo wa rangi ya mchanga wenyewe: hutia mchanga mdomoni, hunyonya uhai mdogo mdogo ulioshika kwenye chembe, kisha hutema kidonge safi. Wana muda wa kupwa tu wa kufanya hivyo, kwa hiyo hufanya kazi bila kupumzika, na maji yakikaribia kila mmoja huingia shimoni. Minyoo ya tope wanaoichimba wavuvi kwa chambo nayo imo, pamoja na kombe, na kamba wachimbaji ambao watu wengi hawajapata kuwaona wazima.

Wingi huo uliofichika hujulikana kwa wanaousafiria. Ndege wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji kati ya Septemba na Aprili wamezaliwa katika nchi za baridi za kaskazini, hata Siberia, na wamekuja kula minyoo na kaa hawa. Yupo pia ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, anayefaa kutajwa kwa sababu bila kaa hana maisha. Hutaga yai katika shimo analochimba mchangani kwenye visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, kisha huja kwa makundi kwenye mchanga wa Mida na kwingineko katika pwani yetu. Njia ile ile yaliyoipita majahazi kwa kaskazi yeye huipita kwa ajili ya kaa.

Mbali zaidi, kwenye majani ya bahari na mawe ya karibu na mwamba wa nje, ndiko bamvua lina maana kubwa kuliko popote. Hapa kila jiwe lina upande wa juu na upande wa chini, na wakazi wa pande hizo ni majirani wasiofanana. Juu hukaa wanaostahimili mwanga. Chini, kwenye giza na unyevu, pamejaa sponji za rangi ya chungwa na zambarau, minyoo bapa, viti vya pweza vidogo vyenye mikono kama nyuzi, mayai ya konokono, kaa laini, na kauri waliojifunika kwa ngozi yao wenyewe. Jiwe likipinduliwa na kuachwa hivyo saa nne asubuhi, walio chini hukauka kabla maji hayajarudi, na walio juu hufa polepole gizani. Mtu mmoja anayetafuta kauri au pweza anaweza kupindua mawe mengi kwa siku moja. Kulirudisha jiwe kama lilivyokuwa ni kazi ya sekunde chache, na sijui tendo jingine dogo kama hilo lenye faida hiyo kwa pwani.

Na wakati wa kupindua, mkono uwe na tahadhari. Baadhi ya konokono wenye gamba la koni lililochorwa vizuri huwinda kwa jino lenye sumu wanalolirusha kama mshale. Aina moja kubwa, inayopatikana pia katika bahari yetu, imeua watu. Kutokana na jamaa yake wa Pasifiki ilipatikana dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2004.

Kauri hao nao wana historia nzito. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walianza kununua kauri za pwani ya Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha. Zilitoka maelfu ya tani. Zilikuwa za aina tofauti na zile ndogo za Maldivi zilizotangulia, na ziliingia kwa wingi mno hata thamani ya fedha hiyo ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba ya kauri wakapoteza. Kila moja ya kauri hizo iliokotwa na mkono wa mtu wakati wa kupwa.

Leo mkono huo kwa sehemu kubwa ni wa mwanamke. Uvuvi wa vyombo ulihesabiwa na kuandikwa; kuchokoa pweza na kuokota kombe kulionekana kwa muda mrefu kuwa shughuli ya kando, ingawa ndiko kulikotoa kitoweo siku ambayo ngalawa ilirudi tupu. Mwanamke mwenye mchokoo wake anajua shimo lipi lina mwenyewe kwa kuangalia magamba yaliyotupwa mlangoni, na anajua siku ya mwezi ya kutoka. Elimu hiyo ni sayansi ya pwani, na wataalamu walioishi karibu na wanawake hao wamefaidika nayo.

Pweza wa mchana, anayechokolewa katika mwamba huu, ana maisha mafupi, mwaka mmoja na miezi michache. Hukua kwa kasi kubwa. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai bila kula, na yakianguliwa hufa. Kwa mnyama wa namna hii, muda mfupi wa kuachwa huleta tofauti kubwa. Mwaka 2004 watu wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoifungua walipata pweza wakubwa zaidi. Mbinu hiyo ilivuka bahari. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, wakafunga sehemu yao kwa miezi mitatu mitatu, vijana na wazee wakilinda kwa zamu.

Ninaifurahia mbinu hii kwa sababu inasema lugha ya pwani yenyewe, lugha ya muda. Lakini muda wa pweza ni wa pweza. Kombe na chaza hukua polepole zaidi. Wanawake wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi, wakishirikiana na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, walitenga maeneo yasiyovunwa kabisa, wakaanza pia kufuga chaza wa lulu. Joto nalo limeanza kubadili hesabu. Wakulima wa mwani wa pwani ya mashariki ya Unguja, waliouanza kwa biashara mwaka 1989, wameona aina yenye bei nzuri ikifa katika maji ya kina kifupi yanayochemka mchana, na kinachoua mwani hapo huwafikia konokono na majongoo waliolala kando yake.

Jongoo wa pwani ndiye anayehitaji subira kuliko wote. Humeza mchanga, hula uchafu uliomo, na kuutoa mchanga ukiwa safi, mchana na usiku, na kwa kazi hiyo huupindua mchanga wa majani ya bahari. Biashara ya kumkausha na kumpeleka China imemwondoa karibu kila mahali ambapo mtu anaweza kutembea kwa miguu. Tanzania Bara ilipiga marufuku kumsafirisha mwaka 2003. Yule aitwaye jongoo mchanga, mwenye bei kubwa, huchukua mwaka na nusu au zaidi kabla ya kuzaa. Hata akifikia umri huo hamkumbatii mwenzake: dume humwaga mbegu majini, jike humwaga mayai, na mkondo ndio unaowakutanisha. Wakiwa karibu, mayai mengi hutungwa. Wakibaki wachache, mmoja hapa na mwingine mita 50 mbali, mbegu hutawanyika kabla hazijafika, na miezi mitatu ya kufunga mwamba, hata mwaka mzima, haiwezi kuwasogeza. Ndiyo maana vijiji vinavyofunga mwamba kwa ajili ya pweza vingefanya vyema kubakiza pembe moja isiyofunguliwa kamwe, na kuwakusanya humo majongoo wachache waliosalia, mmoja kando ya mwenzake.